Maziwa Chini ya Kifuniko

Nilifungua kifuniko cha oili nikakuta maziwa.
Ute mzito, rangi ya chai iliyopoa,
umeganda kwenye nyuzi za kifuniko
kama tui lililosahauliwa sufuriani.

Datsun ya marehemu baba, pikapu ya sabini na tisa,
iliyobeba nondo, mbuzi wa Idi, na mara moja jeneza,
ilikuwa imeanza kusema:
tiki-tiki-tiki inapoamka,
na kila tuta, ngo,
kama mtu abishaye hodi na hataki kufunguliwa.

Jirani yangu Shebwana, ajuaye kila kitu baada ya alasiri,
akachungulia. "Gasketi imekwenda. Maji yameingia kwenye oili.
Uza chuma, kwa kilo."

Fundi Mwachiro wa Shimanzi hasemi haraka.
Alizima redio. Akamnyamazisha hata kijana
aliyekuwa akisugua bampa kwa msasa.
Akatwaa bisibisi ndefu, ncha juu ya injini,
mpini sikioni, macho kafumba.
Silinda ya kwanza. Ya pili.
Kwenye ya tatu akakaa sana.
"Tapeti. Valvu hii ina nafasi kubwa, inapiga makofi peke yake."
Na ile ngo?
Akajilaza chini, akatikisa ekzosi kwa mkono: ngo.
Mpira wa kushikia bomba umekatika.
Miezi miwili sipati usingizi
kwa mpira wa shilingi mia na hamsini.

Lakini maziwa?
Akafungua rejeta, akaniambia nitie moto.
Tukainama wawili tukitazama maji
kama watu walioangusha pete kisimani.
Hakuna povu.
Akachomoa kijiti cha oili: nyeusi, haina ute.
Akadondosha tone moja kwenye kijiko,
akavuka kwa Bi Zamzam akaangaye bajia pembeni ya gereji,
akaomba nafasi jikoni.
Tone likalia chrr, mara moja, likanyamaza.
"Ingekuwa gasketi, lingepiga kelele kuliko bajia zako."
Bi Zamzam akasema kijiko hicho asimrudishie.

"Gari hili unalipeleka wapi?"
Nikamhesabia. Tudor mpaka hospitali kuu, dakika nane.
Nalizima. Mama anasafishwa damu, nangoja saa nne.
Dakika nane kurudi.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, mwaka na nusu.
"Na sasa?"
Sasa haliendi popote. Tangu Rajabu.
Kila asubuhi nalitia moto dakika tano, basi,
nilisikie.

Mwachiro akafuta mikono kwa kitambaa
kilichokuwa kichafu kuliko mikono.
"Injini ikipashwa nusu hutoka jasho kwa ndani.
Jasho halina pa kutokea, linapanda, linakaa kifunikoni.
Na hewa yetu hii, hata chumvi mezani inalowa.
Badilisha oili. Halafu lipeleke Mariakani,
usisimame njiani."

Akakaza tapeti, akasikiliza, akailegeza kidogo tena.
Bado inalia, nikamwambia.
"Iache ilie. Ukiibana mpaka inyamaze, valvu inaungua."

Changamwe. Miritini. Kilima cha Mazeras nyuma ya lori la saruji,
mshale wa joto ukapanda mpaka katikati, ukatulia.
Kiti cha abiria bado kimetandikwa kanga yake,
ile ya zambarau, maandishi yamefifia,
na chini yake tikiti za kuegesha gari za hospitali,
sijui alizihifadhi za nini.
Nilizima redio. Tiki, tiki, tiki.

Mariakani, kando ya mizani ya malori, nikafungua boneti.
Mvuke ukanipiga usoni, harufu ya mafuta ya moto.
Chini ya kifuniko umebaki utando mwembamba tu.
Sikuwa na kitambaa.
Nikaufuta kwa pembe ya kanga, nikajuta,
kisha sikujuta,
nikageuza gari.